Majivu, Makombe na Udongo wa Pugu: Chombo Kinachong'aa Si Lazima Kiwe Salama

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Bakuli za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya kale ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, zina glezi, yaani tabaka jembamba la kioo lililoyeyushwa juu ya udongo. Vyungu vya wafinyanzi wetu kwa kawaida havina tabaka hilo, na sababu si upungufu wa ujuzi. Chungu cha asili huchomwa kwa kuni mahali pa wazi, ambapo joto ni nadra kuzidi nyuzi 900 za Selsiasi. Glezi ya majivu huhitaji takribani nyuzi 1,200 au zaidi. Isitoshe, mtungi hupoza maji kwa sababu ya vinyweleo vyake, na glezi huviziba.

Mfinyanzi mwenye tanuri la kufikia joto hilo ana malighafi nyingi jirani. Maganda ya mpunga yakichomwa huacha majivu ambayo sehemu yake kubwa ni silika, kiini cha kioo chochote. Majivu ya kuni yana chokaa na potashi, ambazo huiwezesha silika kuyeyuka katika joto dogo zaidi. Kaolini, udongo mweupe unaopatikana katika milima ya Pugu, huizuia glezi isichuruzike. Majivu ya kila mti yana tabia yake, hivyo anayebadilisha kuni lazima aanze majaribio upya kwa vipande vidogo na kuandika vipimo vyake. Majivu huunguza ngozi na vumbi la silika hudhuru mapafu. Uchanganyaji ufanyike kwa maji.

Makombe ya pwani yanahitaji uangalifu wa pekee. Yakisagwa laini hufaa katika glezi, lakini vipande vyake vikibaki ndani ya udongo, moto huvigeuza kuwa chokaa hai. Siku kadhaa baadaye chokaa hiyo hunyonya unyevu, huvimba na kubandua uso wa chombo, pengine kikiwa tayari kwa mteja.

Hatari kubwa zaidi ni njia ya mkato. Madini ya risasi, yakiwemo yanayotolewa katika betri chakavu za magari, huyeyusha glezi kwa moto mdogo na kuipa mng'ao unaovutia. Ndimu, ukwaju, siki na maembe huweza kuitoa risasi hiyo na kuiingiza katika chakula. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto huathirika ubongo, na mama mjamzito humwambukiza mtoto aliye tumboni sumu hiyo.

Wapo wanaopima glezi kwa kuacha kipande cha ndimu juu yake usiku kucha. Rangi ikibadilika, glezi hiyo haifai kwa chakula. Isipobadilika, bado haijathibitika kuwa haina risasi, kwani risasi haionekani kwa macho; jibu hilo hutolewa na maabara.

Mjasiriamali anayekusudia kuuza sahani, vikombe au vyungu vya kupikia vyenye glezi anashauriwa kuanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) kwa ushauri, kisha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuhusu matakwa ya ubora. Uchunguzi wa kemikali ni miongoni mwa kazi za Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Glezi ambayo bado haijapimwa itumike kwenye vyungu vya maua na vigae vya mapambo.