Nusu ya kampuni kwa pauni 4,000: Somo la Body Shop kwa wenye mitaji midogo

MWENYE duka dogo anapokosa fedha za kufungua duka la pili huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukopa. Ya pili ni kumkaribisha mtu mwenye fedha awe mbia. Siku ya kusaini, njia zote mbili huonekana sawa kwa sababu kiasi kinachoingia mkononi ni kile kile. Tofauti huja kuonekana miaka mingi baadaye, na wakati mwingine ni tofauti ya mamilioni.

Mfano wa jambo hili ni Mwingereza Anita Roddick, mwanzilishi wa maduka ya vipodozi vya asili ya The Body Shop. Mwaka 1976 alikopa pauni 4,000 na kufungua duka la kwanza. Muda mfupi baadaye alihitaji pauni 4,000 nyingine, na safari hii akazipata kwa kutoa nusu ya kampuni yake. Fedha zilikuwa sawasawa, lakini zile za pili zilimgharimu mara nyingi zaidi ya zile za kwanza.

Mtoto wa mkahawani

Anita alizaliwa mwaka 1942 katika mji mdogo wa pwani wa Littlehampton, kusini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, na mama yake aliendesha mkahawa. Watoto walisaidia kazi hapo, kwa hiyo mambo ya kuhudumia wateja aliyajua kabla ya kwenda chuoni kusomea ualimu.

Baada ya masomo alisafiri nchi nyingi, zikiwemo Tahiti, Madagaska, Mauritius na Afrika Kusini. Huko aliona wanawake wakitunza ngozi na nywele kwa vitu vya kawaida vilivyowazunguka, kama siagi ya kakao, mafuta ya mimea na udongo. Alirudi nyumbani akiwa na swali la kibiashara: kwa nini mteja wa Ulaya auziwe krimu kwa bei kubwa, wakati sehemu nzuri ya bei hiyo ni ya chupa ya fahari, boksi na matangazo?

Swali hilo halikuzaa duka mara moja. Aliolewa na Gordon Roddick, wakapata watoto wawili wa kike, wakaendesha hoteli ndogo na kisha mgahawa huko huko Littlehampton. Kazi ya mgahawa iliwachosha. Mwaka 1976 Gordon aliamua kutimiza ndoto yake ya kusafiri kwa farasi kutoka Buenos Aires hadi New York. Mkewe alibaki na watoto, na alihitaji biashara ya kuwalisha ambayo ingefungwa jioni ili naye apumzike.

Benki ilitazama suti

Kwa maelezo ya Anita mwenyewe, mara ya kwanza alikwenda benki akiwa amevaa fulana na jinzi, watoto wakiwa pamoja naye, akaeleza wazo lake kwa furaha kubwa. Meneja akakataa. Alirudi baadaye akiwa na mumewe, safari hii wote wamevaa suti, mkononi wakiwa na mpango wa biashara uliopigwa chapa na kuwekwa ndani ya jalada. Hoteli yao ikawekwa dhamana, na mkopo wa pauni 4,000 ukatolewa.

Wazo lilikuwa lile lile na mwombaji alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni karatasi na dhamana. Benki haikopeshi wazo, inakopesha mahali pa kurudishia fedha zake endapo wazo litashindwa. Mwombaji anayelijua hilo mapema hujiepusha na safari moja ya bure.

Kabla ya kuondoka Gordon alipiga hesabu ya mauzo: duka lilihitaji kuingiza pauni 300 kwa wiki ili liweze kujiendesha. Anita hakuwa na kipimo kingine cha mafanikio. Kila Jumamosi alijua yuko juu au chini ya mstari.

Uhaba wageuka kuwa alama

Duka lilifunguliwa Machi 1976 katika mji wa Brighton. Kuta zilikuwa na unyevunyevu na madoa, zikapakwa rangi ya kijani iliyokoza ili kuyaficha. Chupa zilizopatikana kwa bei ya chini ni zile zinazotumika hospitalini kuwekea mkojo wa kupima. Hata hizo hazikutosha, hivyo wateja wakaombwa kurudi na chupa tupu wajaziwe. Lebo ziliandikwa kwa mkono. Kwa kuwa bidhaa zilikuwa chache, kila moja iliwekwa katika saizi kadhaa ili rafu zionekane zimejaa.

Miaka iliyofuata rangi ya kijani, chupa za kujaza tena na maelezo ya wazi kwenye lebo vilikuja kuwa alama za kampuni duniani kote, na watu wengi wakadhani ni kazi ya wataalamu wa matangazo. Chanzo chake kilikuwa ukosefu wa fedha. Hata hivyo faida ya kibiashara ilikuwepo tangu mwanzo. Mteja anayeruhusiwa kununua saizi ndogo hujaribu kwa gharama ndogo, na mteja mwenye chupa ya kujaza ana sababu ya kurudi duka lile lile.

Tangazo la kwanza nalo lilikuwa la bure. Majirani wa duka walikuwa wafanyabiashara wa mazishi, ambao hawakupenda jina linalotaja "mwili" kusimama karibu na majeneza yao. Walipotishia kumchukulia hatua za kisheria, Anita aliwapigia simu waandishi wa gazeti la mjini, na habari ya mama mwenye duka dogo anayebanwa na wauza majeneza ikavuta watu.

Pauni 4,000 za pili

Duka lilipoanza kwenda vizuri, Anita alitaka kufungua la pili katika mji wa Chichester. Benki ilikataa kuongeza mkopo kwa biashara iliyokuwa na miezi michache tu. Ndipo akajitokeza Ian McGlinn, mwenye gereji na rafiki wa rafiki, akiwa tayari kutoa pauni 4,000. Badala ya riba alitaka nusu ya kampuni.

Anita alimwandikia mumewe, aliyekuwa bado Amerika ya Kusini, kumwomba ushauri. Kwa mujibu wa kitabu chake cha mwaka 1991, Body and Soul, jibu la Gordon lilikuwa la kumsihi asitoe nusu ya kampuni. Barua ilifika baada ya mkataba kukamilika.

Hesabu ya mkataba ule ni rahisi kuieleza. Anayetoa pauni 4,000 na kupewa nusu ameikadiria kampuni nzima kuwa na thamani ya pauni 8,000. Kwa kutazama mali iliyokuwapo siku ile, yaani rafu, chupa na ndoo za krimu, bei hiyo haikuwa ya wizi. Lakini mali kubwa kuliko zote, ambayo ni jina na namna ya kuuza, haikuandikwa katika daftari lolote, na kwa hiyo haikupewa bei.

Mkopo una mwisho wake. Tuchukue mfano wa hesabu tu: pauni 4,000 kwa riba ya kawaida ya asilimia 20 kwa mwaka, kwa miaka mitano, zingerudishwa zikiwa pauni 8,000, na deni likafutwa. Hisa haina tarehe ya mwisho. Mwenye hisa hula pamoja na kampuni maadamu kampuni ipo.

Kwa upande mwingine, McGlinn alijitia hatarini. Duka la pili lingefungwa, fedha zake zingepotea na asingekuwa na hoteli ya kukamata. Na Anita hakuwa na mtu mwingine mlangoni. Uamuzi wake haukuwa kati ya hisa na mkopo, bali kati ya hisa na kusubiri.

Kukodisha jina

Gordon aliporejea mwaka 1977 alishika upande wa hesabu na upanuzi. Watu walikuwa wakiuliza kama nao wanaweza kufungua duka la aina hiyo. Wakaruhusiwa kutumia jina hilo kwa fedha zao wenyewe, kwa masharti ya kuuza bidhaa za kampuni na kufuata mtindo wake. Mwaka 1978 duka la kwanza nje ya Uingereza lilifunguliwa mjini Brussels, Ubelgiji.

Kwa utaratibu huu mwenye jina hahitaji kukopa ili ajenge. Pango la duka, rafu na mishahara ni mzigo wa aliyepewa leseni. Kampuni hupata faida kwa kumuuzia bidhaa. Lakini utaratibu huo husimama juu ya kitu kimoja, nacho ni haki ya jina.

Hapo kampuni ilipata gharama nyingine. Huko Berkeley, California, lilikuwapo duka la vipodozi lenye jina hilo hilo tangu mwaka 1970. Nchini Marekani maneno hayo ndiyo huitwa gereji za kunyoosha bodi za magari. Roddick alipotaka kuingia soko la Marekani ilibidi kununua haki ya jina kwa wenye duka lile. Mwaka 1987 walilipwa dola milioni 3.5, na wao wakabadili jina lao kuwa Body Time. Jina lililopakwa kwa brashi mlangoni Brighton bila kulipiwa kitu liligharimu mara nyingi zaidi ya duka lenyewe.

Hisa sokoni

Mwaka 1984 hisa za kampuni ziliuzwa kwa umma mjini London. Zilitolewa kwa pensi 95 kila moja, na siku hiyo hiyo zilifunga zikiwa pensi 165. Jina ambalo halikuwa na bei mwaka 1976 sasa lilipewa bei na soko kila siku.

Kampuni iliendelea kupinga majaribio ya vipodozi kwa wanyama na kununua malighafi kwa vikundi vya wazalishaji wadogo. Siagi ya shea ilitoka kwa akina mama wa kaskazini mwa Ghana. Kutoka Kenya yalinunuliwa mafuta ya melaleuka, mti wenye asili ya Australia unaolimwa na wakulima wadogo wa eneo la Mlima Kenya.

Hata hivyo kampuni iliyo sokoni ina mabwana wengi. Mwaka 1998 Anita aliacha uendeshaji wa kila siku, na mwaka 2002 yeye na mumewe wakaacha uenyekiti. Mwaka 2006 kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ilinunua Body Shop kwa pauni milioni 652, ikiwa na maduka zaidi ya 2,000. Baadhi ya wateja walikasirika na kutoa wito wa kususia, kwa madai kuwa mnunuzi hakuwa na msimamo ule ule kuhusu wanyama. Anita alifariki dunia Septemba 2007.

Katika mauzo hayo McGlinn, ambaye hakuwahi kushika usukani wa kampuni, alipata zaidi ya pauni milioni 100 kwa hisa alizokuwa bado nazo. Kwa makadirio ya chini, kila pauni aliyotoa ilimrudishia 25,000.

Jina nalo hushuka

Mwaka 2017 L'Oréal iliiuzia kampuni ya Natura ya Brazil kwa kiasi cha euro bilioni moja. Mwishoni mwa mwaka 2023 Natura ilikubali kuuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Aurelius kwa pauni milioni 207. Februari 2024 tawi la Uingereza lilikabidhiwa kwa wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa kulipa madeni, maduka mengi yakafungwa, na Septemba mwaka huo wawekezaji wengine wakalinunua.

Kwa miaka 48 bidhaa za asili zilikuwa zimeenea kila mahali, na mtindo uliokuwa wa duka moja la Brighton uliuzwa na washindani wengi. Mmoja wao ni Lush, iliyoanzishwa mwaka 1995 na watu ambao zamani walikuwa wakiitengenezea Body Shop bidhaa.

Kwa anayechemsha sabuni ya mwarobaini au kuchuja mafuta ya nazi uani kwake, mambo mawili katika habari hii ni ya kufanyia kazi kabla ya kufungua mlango wa duka la pili. Jina lisajiliwe mapema, kwa Tanzania Bara ni BRELA na kwa Kenya ni KIPI, maana gharama ya usajili ni ndogo kuliko gharama ya kulinunua jina baadaye. Na akija mwenye fedha anayetaka hisa, mkataba utaje thamani ya kampuni nzima, sehemu anayopewa, na bei ambayo mwenye duka anaweza kuinunua tena sehemu hiyo ndani ya miaka iliyokubaliwa. Kifungu hicho cha mwisho hakikuwapo cha kumsaidia Anita Roddick wakati barua ya mumewe ilipofika.