Modeli ya reli kwa stairofomu: Gundi ipi inashika, ipi inayeyusha?

Umekusanya stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la tivii au friji. Umechonga mlima, umetoboa handaki. Unapaka gundi ya viatu ili ushikishe reli, na baada ya dakika chache mlima una shimo. Shida siyo mikono yako, ni gundi.

Kwa mwanafunzi wa Chitete, wilayani Momba, anayeandaa modeli ya TAZARA kwa maonyesho ya shule, hapo kazi ya wiki nzima imeondoka, na kufuata vifaa vingine Tunduma ni nauli. Bora ujue mapema.

Kwa nini inayeyuka?

Stairofomu ni plastiki ya polistirini iliyojaa hewa, takriban asilimia 98 ya ujazo wake. Gundi nyingi za viatu zina vimiminika vya kuyeyushia kama toluini, na hivyo ndivyo vinavyoila plastiki. Petroli, thina na asetoni nazo ni hivyo hivyo. Hata supa gluu ya kawaida inaila. Tena mvuke wa gundi ya viatu unashika moto haraka na unaleta kizunguzungu, kwa hiyo usiifungue kwenye chumba kisichopitisha hewa.

Tumia hii

Chukua gundi nyeupe ya mbao, ile inayochanganyika na maji. Haiyeyushi stairofomu. Kasoro yake ni moja: inakauka taratibu. Maji yake lazima yatoke, na stairofomu hainyonyi maji wala haipitishi hewa vizuri. Ukibandika vipande viwili vikubwa, katikati panaweza kubaki pabichi kwa siku kadhaa, hasa wakati wa mvua.

Fanya hivi:

1. Paka nyembamba pande zote mbili, kwa mistari yenye nafasi, siyo kujaza kote.
2. Subiri ianze kunata, ndipo ubandike.
3. Chomeka njiti za meno zishikilie, weka vitabu juu, acha angalau saa 24.

Kokoto za reli

Chekecha mchanga, umwage katikati ya reli. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sabuni inasaidia gundi ipenye badala ya kukaa juu kama shanga.

Kwenye reli yenyewe usizidishe. Reli halisi ya TAZARA, inayokwenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Kwa kipimo cha 1:87 inabaki kama milimita 12 tu. Tone nene la gundi hapo litaonekana kama jiwe njiani.

Na rangi je?

Kanuni ni ile ile: rangi ya maji, ndiyo. Rangi ya kopo la kupuliza ina viyeyusho, itatoboa mlima kama gundi ya viatu.

Kama huna uhakika na gundi uliyonayo, dondoshea kwenye kipande cha kutupa na usubiri saa moja. Kikibonyea au kikitoboka, usiiguse modeli nayo.