Kupanda kando ya bustani: tupige hesabu kwanza



Kiangazi kinaelekea kuisha, na hapa Mikelenge wengi wanakata vijiti ili wafunge bustani mbele ya mvua za mwezi wa 9. Ni vizuri, juu mbuzi wa jirani haulizi lengalenga ni ya nani. Lakini mujue kwamba ua wa miti nao unakula: unakula nafasi, maji, mbolea na jua.

Tuchukue bustani ya mita 20 kwa 10, ni kusema mita za mraba 200. Mzunguko wake ni mita 60. Ukipanda jatrofa (ile wengine wanaita mbono) kila sentimita 25, unatafuta vijiti 240 hivi. Kiisha, juu ya mizizi na kivuli, unaacha mita moja kati ya mpaka na tuta la kwanza. Hiyo mita moja, ukizunguka pande zote nne, ni mita za mraba 56. Zaidi ya robo ya bustani imekwenda, na haujapanda hata mche mmoja wa nyanya!

Sasa, wajirani wane wakiunganisha bustani zao, mbili kwa mbili, wanapata mita 40 kwa 20. Mzunguko ni mita 120 tu. Vijiti ni 480, pahali pa 960. Nafasi inayopotea ni mita za mraba 116, pahali pa 224. Kwa hiyo ua mkubwa upandwe na koperative. Katikati ya mama huyu na yule, mananasi au mchaichai inatosha kuonyesha mpaka.

Ile jatrofa, mbuzi hawali majani yake. Kata vijiti vya sentimita 50, viache siku moja utomvu ukauke, kiisha ufukie kama sentimita 15. Mbegu zake ni sumu: kata matawi mbele hayajazaa, zaidi kama watoto wanacheza pale.

Upande wa jua kutokea, ua usipite urefu wa mtu kifuani. Jua la asubuhi ndilo linakausha umande kwenye majani ya nyanya, na majani yakibaki na maji muda mrefu magonjwa yanaingia. Upande wa jua kuzama unaweza kuacha urefu zaidi, na pepinyeri uiweke pale: miche midogo itapata kivuli cha saa za mangaribi, wakati jua ni kali.

Kama bustani inashuka kuelekea Lualaba, upande wa chini ongeza mstari wa mchaichai, kila sentimita 30, ukikata mteremko. Unashika udongo, na majani yake unauza kwa chai. Matete, kwa maoni yangu, hapana. Yanakua haraka, kweli, lakini mizizi yake inakuja kula mbolea yako mpaka ndani ya tuta.

Jambo la mwisho ni zito kuliko mbuzi. Kwetu, mwenye kupanda muti anaonekana kama mwenye udongo. Kama munalima udongo wa kukodi, muongee na mwenyewe mbele ya kupanda ua, wazee wakiwa pale, na muandike karatasi. Akikataa miti, mupande nanasi na mchaichai tu, na kwa mbuzi mufunge na mianzi.