Je, Wajua? Kanisa Kuu la Goa lenye mnara mmoja

Mgeni afikaye Old Goa, India, hushangaa: Kanisa Kuu la Mtakatifu Katarina lina mnara upande mmoja tu. Ilikuwa miwili, mmoja uliporomoka mwaka 1776, haukujengwa tena. Uliobaki una Kengele ya Dhahabu, iliyopewa jina hilo kwa utamu wa mlio wake.

Wareno waliliita kanisa kwa jina la Katarina kwa sababu waliiteka Goa siku ya sikukuu yake, 25 Novemba 1510. Ujenzi ulianza 1562.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunahusika na Goa pia. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani wa Mombasa, alilelewa Goa na watawa Waaugustino, akabatizwa Jerónimo. Mwaka 1631 aliwaasi Wareno na kuitwaa ngome yao ya Mombasa, Ngome ya Yesu.

Ukienda kwenye kanisa hilo la Goa, vaa kwa staha: misa bado inasomwa humo.