MTO MSIMBAZI WADAI NJIA YAKE

Wazee wetu walisema kwamba maji hufuata mkondo. Neno hili ni fupi, lakini mji wa Dar es Salaam umelisoma kwa machozi. Katika Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa, Mto Msimbazi ukafurika, na watu wapatao 40 wakafa. Tangu hapo mafuriko yamerudi mara nyingi, na jamaa wengi wa bondeni wamepoteza vyombo, mitaji na vitabu vya watoto wao. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu habari za mto huu.

Msimbazi si mto mkubwa. Waanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, wapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na baada ya mwendo wa kilomita 35 hivi waingia baharini karibu na Daraja la Selander, penye mikoko. Basi mto mdogo kama huu wapata wapi nguvu ya kubomoa nyumba? Twaona sababu tatu. Kwanza, miti ya huko juu imekatwa. Mvua huchukua udongo na mchanga na kuushusha Jangwani, na kitako cha mto huinuka. Pili, mji umefunikwa kwa mabati, saruji na lami. Maji ambayo zamani yalinywewa na ardhi sasa hukimbilia mtoni yote kwa mara moja. Tatu, bonde lenyewe limejengwa nyumba, na mifereji imezibwa na taka.

Bonde lenye matete si ardhi iliyopotea bure. Ni ghala la maji. Mto ukijaa, maji hutandaa humo, mwendo wake hupungua, tope hutuama, kisha maji hutoka polepole. Tukilifukia ghala hilo, maji hayaondoki duniani. Huhamia sebuleni kwa jirani.

Lakini huwezi kurudisha bonde usilolijua. Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Ramani Huria, yaani ramani ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia mitaani pamoja na wenyeji, simu mkononi. Waliandika nyumba, njia na mifereji, na ndege ndogo zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu. Wenyeji waliulizwa maji yalifika wapi: magotini, kiunoni au kifuani? Hivyo kumbukumbu ya bibi aliyekaa mtaani miaka mingi ikawa elimu ya kuwafaa wahandisi. Ramani ya namna hii hueleza mambo mawili: nani yumo hatarini, na mahali gani pa wazi pawezapo kurudishiwa maji.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi ya Bonde la Msimbazi. Shabaha yake ni kuchimbua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kupanda miti huko juu, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani iwezayo kupokea maji ya mafuriko.

Hata hivyo, ramani huonyesha paa. Haionyeshi riziki ya aliye chini yake. Baada ya mafuriko ya 2011, jamaa wengi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Baadhi yao walirudi bondeni, kwa kuwa kazi na biashara zao zilikuwa mjini. Si haki kuwaita wajinga. Anayeambiwa ahame apewe fidia ya kumtosha, tena kwa wakati, na mahali pa kuishi ambapo mkono wake utaweza kufika kinywani.

Nasi wenye nyumba tuna sehemu yetu. Anayetupa taka mferejini usiku amemdhulumu jirani wa chini, hata ikiwa hamjui jina. Anayetaka kununua kiwanja kwa bei rahisi na awaulize kwanza wazee wa mtaa maji yalifika wapi. Na ninyi vijana, jifunzeni kupima na kuchora mitaa yenu. Ni ilimu yenye manufaa kwa watu wote. Mvua ni neema ya Mwenyezi Mungu. Tuipe njia, ipite kwa salama.