Meza ya Michezo kwa Sh50: Anza na Mchanga, Vizibo na Daftari

Jumamosi saa kumi jioni, jua la Lodwar likianza kupoa, ukipita Kanamkemer utatupata chini ya mti, watu watano au sita, tumeinamia kipande cha katoni. Wengine wanadhani tunahesabu mauzo ya duka. La, tunacheza.

Wateja kadhaa wametuuliza tulianzaje, na kama mchezo wa mezani ni kitu cha watu wenye doo. Jibu fupi ni kwamba unaweza kuanza leo, kila mtu akitoa Sh50. Lakini kabla ya kukueleza vile, acha tukiri makosa yetu, kwa sababu sisi hatukuanza na Sh50. Tulianza na Sh2,400, na zote zikapotea.

Tulivyoanza vibaya

Tulikuwa sita. Tuliona mtandaoni tangazo la mchezo mzuri wa sanduku, wenye ramani, kadi na vinyago. Muuzaji alisema yuko Nairobi na atautuma kwa basi hadi Lodwar. Kila mmoja wetu akatoa Sh400.

Wakati wa kulipa tulipewa namba ya simu ya kawaida, si namba ya till. Jina lililotokea kwenye skrini halikuwa lile la kwenye tangazo. Mmoja wetu akasema labda ni laini ya mkewe. Tukaweka PIN, tukatuma. Sanduku halijafika hadi leo, na ile namba haipatikani.

Aibu ilikuwa kubwa, maana sisi ndio tunaofundisha watu kuangalia jina kabla ya kutuma. Lakini pesa haikuwa hasara kubwa zaidi. Wawili kati yetu waliacha kuja. Hakuna aliyewaambia lolote baya, ila waliona pesa yao imechezewa. Hapo tukajifunza jambo ambalo ndilo la maana katika makala haya: kikundi cha michezo hakivunjiki kwa sababu ya mchezo. Kinavunjika kwa sababu ya pesa.

Michezo ambayo haihitaji hata bob

Mzee mmoja jirani, aliposikia habari ya sanduku, alituuliza kama siku hizi Nairobi wanauza mchanga. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akachimba mashimo chini kwa vidole na kuokota kokoto. Huo ndio ukawa mchezo wetu wa kwanza.

*Bao.* Kila jamii ina sheria zake, kwa hivyo waulize wazee wa kwenu kwanza. Sisi tunaanza wageni na bao la kujifunza: mistari minne ya mashimo manane, yaani mashimo 32, na kokoto mbili kila shimo, jumla 64. Mistari miwili ni yako, miwili ni ya mwenzako. Unachukua kokoto za shimo moja na kuzipanda moja moja kwenye mashimo yako yanayofuata. Ukiishia kwenye shimo la mbele lenye kokoto, na shimo la mwenzako linaloelekeana nalo pia lina kokoto, unazila. Anayemaliza kokoto zote za mstari wake wa mbele ameshindwa.

Uzuri wa bao ni kwamba halihitaji mkalimani. Mganda anajua omweso, Mrundi na Mnyarwanda wanajua igisoro, na yote mawili yana mashimo 32 na kete 64. Kule Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa, kambi imekuwepo tangu 1992 na watu wametoka nchi nyingi. Ukichimba mashimo manne kwa manane kuna mtu atasimama kuangalia, na baada ya dakika tano atakuwa amekaa.

*Shax.* Huu ni wa Wasomali. Unachora mistari mchangani, kila mchezaji ana vipande 12, na unajaribu kupanga vitatu kwa mstari ili umwondolee mwenzako kimoja. Mawe kwa mmoja, vijiti vya mathenge kwa mwingine, basi.

*Drafti.* Unahitaji katoni, rula na kalamu ya wino. Chora miraba 64, paka rangi mmoja ukiruka mmoja. Vizibo vya soda 12 vikitazama juu, 12 vikitazama chini. Mwenye hoteli atakupa vizibo bila kukuuliza maswali.

*Sataranji.* Ubao wa drafti ndio huo huo. Vipande unaweza kuandika kwenye vizibo: M kwa mfalme, F kwa farasi na kadhalika. Usidhani ni mchezo wa shule za mjini tu. Mwaka 2021 shirikisho la sataranji duniani, FIDE, lilianza mradi wa kufundisha mchezo huu huko Kakuma kwa kushirikiana na UNHCR.

Mchezo wa hadithi

Kuna aina nyingine ambayo wengi hawajaizoea: mchezo wa kuigiza wahusika. Hauna mshindi. Mtu mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja anakuwa mhusika ndani ya hadithi. Msimulizi anaeleza hali, wachezaji wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua mambo yenye mashaka.

Mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Vitabu vyake ni ghali, lakini sheria za msingi zinapatikana bure mtandaoni, na tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya sheria hizo ina leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzitumia. Iko pia michezo ya ukurasa mmoja tu, kama Lasers & Feelings, ambayo unapakua bure na kuchapisha cyber. Kama huna dadu ya pande ishirini, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, weka kwenye mkebe, tikisa, chota kimoja.

Lakini hata hizo si lazima. Sisi tunatumia sheria zetu tatu, na dadu moja ya kawaida:

1. Kila mchezaji anataja jina la mhusika wake na kitu kimoja anachokijua vizuri: kutengeneza injini, kutibu mifugo, kuongea na watu wakali.
2. Ukijaribu jambo gumu, rusha dadu. 5 au 6, umefaulu. 3 au 4, umefaulu lakini kuna gharama. 1 au 2, mambo yameharibika.
3. Jambo likihusu kile unachokijua vizuri, una ruhusa ya kurusha mara ya pili.

Hadithi yetu ya kwanza ilianza hivi: mko kwenye lori kati ya Lodwar na Kakuma, laga imefurika mbele yenu, giza linaingia. Mna mitungi miwili ya maji, mbuzi mmoja mgonjwa, na dereva hajalala tangu jana. Mnafanya nini? Tulicheza masaa mawili. Aliyechekesha zaidi ni yule ambaye kwa kawaida hasemi kitu.

Bajeti yetu ya pili

Baada ya kupoteza ile ya kwanza, tulikubaliana Sh50 kwa mtu, watu sita, Sh300. Hizi ndizo bei tulizopata. Za kwako zinaweza kutofautiana:

- Karata, paketi moja: Sh100
- Dadu mbili: Sh60
- Daftari na penseli: Sh50
- Kuchapisha kurasa nne: Sh40
- Katoni, vizibo na kokoto: sare
- Jumla: Sh250

Sh50 iliyobaki tuliiacha kama akiba. Karata ni za siku ambayo watu ni wengi, maana kila Mkenya anajua kusema "niko kadi". Ushauri mmoja wa hapa kwetu: upepo wa Lodwar hauheshimu karata. Kaeni upande wa ukuta, na mawe yawe karibu.

Pesa ya meza isivunje meza

Haya ndiyo tungependa mtu angetuambia mapema.

*Mweka hazina mmoja, mwandishi mwingine.* Anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika daftari. Kila mchango ukiingia, unaandikwa na kutangazwa kwenye grupu: nani, kiasi gani, salio limefika ngapi.

*Usichanganye na pesa yako.* Iweke kwenye akiba ya simu au laini tofauti. Sh300 ikikaa pamoja na pesa ya nyumbani, siku ya unga kuisha itanunua unga. Si wizi, ni kusahau, lakini wenzako hawataona tofauti.

*Lipa kwa till inapowezekana.* Mara nyingi mteja hakatwi ada, na ujumbe unabaki na jina la duka kama ushahidi. Ukitoa pesa taslimu kwa wakala kila mara kwa ajili ya vitu vidogo, ada zinakula mchango. Afadhali kutoa mara moja, au usitoe kabisa.

*Soma jina kabla ya PIN.* Jina lisipolingana na la muuzaji, simamisha. Usimtafutie sababu kama tulivyofanya. Muuzaji wa mbali akikataa ulipe baada ya kuona mzigo, mwache.

*Ukikosea, piga simu papo hapo.* Pesa iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi inaweza kurudishwa kama bado iko kwenye akaunti. Ikishatolewa, ni vigumu sana. Sisi tulingoja siku tatu kwa sababu ya aibu, na hizo siku tatu ndizo zilizotumaliza. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wa huduma kwa wateja atakayekuuliza PIN yako.

*Msicheze kwa pesa.* Itaanza na kumi bob "ili kunoga". Wiki ya tatu mtu anacheza na nauli. Ukitaka zawadi, anayeshindwa anunue chai au afagie mahali mlipokaa. Pale pesa inapoingia kati ya wachezaji, mtoto na mama mboga hawatakaa tena kwenye mduara huo.

Anza Jumamosi hii

Usitafute watu kumi. Wawili wanatosha kwa bao, wanne wanatosha kwa hadithi. Chagua siku na saa moja isiyobadilika, kwa sababu watu hurudi mahali wanapojua watakupata. Chezeni mara tatu na vitu vya bure kabla ya kuchangishana shilingi yoyote. Baada ya hapo mtajua mnapenda nini, na mtanunua hicho tu.

Na wale wawili wetu walioacha kuja? Tulimtumia kila mmoja picha ya daftari jipya, ukurasa wa kwanza, bila maneno mengi. Mmoja alirudi wiki iliyofuata, akatoa Sh50 yake, akasimama hadi ilipoandikwa, ndipo akakaa. Wa pili bado tunamngoja. Nafasi yake iko, na mbuzi wa kwenye lori hajapona.