Kwa nini redio iliyorekodiwa kwenye kompyuta hukwaruza

KIONGOZI anapotamka hewani, katika mkutano unaorushwa moja kwa moja na redio ya Shinyanga au Geita, tarehe ambayo wachimbaji wadogo watagawiwa eneo au waliohamishwa kupisha mgodi watalipwa fidia, kauli hiyo hupita mara moja tu. Asiyeirekodi hana cha kushika kesho yake. Kwa sababu hiyo huuma mtu anapofungua faili aliyoihifadhi na kukuta mikwaruzo mitupu pale penye neno lenyewe.

Tangu mwaka 2012, ilipofahamika kwamba vifaa vya bei nafuu vya kupokelea televisheni kwenye kompyuta, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kugeuzwa kuwa redio, kazi hii haihitaji tena mitambo mikubwa. Kifaa huchomekwa kwenye tundu la USB, huungwa na antena, na kazi iliyokuwa ikifanywa na saketi za redio hufanywa na programu kama SDR# au Gqrx. Mfumo huo hujulikana kwa kifupi kama SDR. Urahisi huo una gharama yake: sauti hupitia hatua nyingi kabla ya kuwa faili, na kila hatua yaweza kuiharibu kwa namna yake.

Swali la kwanza ni moja. Je, sauti inakwaruza wakati matangazo yakiendelea, au inakwaruza kwenye faili peke yake? Ikiwa spika inatoa sauti safi na faili ni mbovu, antena haina kosa. Tatizo liko katika kurekodi. Mara nyingi kiwango cha sauti kimepandishwa kupita uwezo wa faili. Faili ikifunguliwa kwa programu ya kuhariri, kwa mfano Audacity, mawimbi huonekana yamekatwa vichwa na kuwa bapa kama meza. Sehemu iliyokatwa haikuhifadhiwa popote, hivyo kupunguza sauti baadaye hakuirudishi. Dawa ni kurekodi kwa sauti ya chini kidogo, kisha kuikuza wakati wa kuhariri.

Ikiwa sauti inakwaruza hata kwenye spika, mtu arudi nyuma hadi kwenye antena. Vifaa hivi vya bei nafuu hupima mawimbi kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu. Karibu na mnara wenye nguvu, kama ilivyo katikati ya mji wa Kahama au Geita, ngazi hizo hujaa upesi. Dalili huonekana kwenye mchoro wa masafa: kelele yote ya chini hupanda kwa pamoja, na vituo vya uongo huibuka mahali pasipo na kituo. Wengi hapo huongeza ukuzaji wa mawimbi wakidhani redio haishiki vizuri, nao huzidisha ugonjwa. Inafaa kuzima ukuzaji wa kujiendesha, kuushusha hatua kwa hatua mpaka vituo vya uongo vitoweke, na kusimama hapo.

Kosa lingine ni upana wa kichujio. Kituo cha FM, katika masafa ya megahezi 87.5 hadi 108, huhitaji upana wa takribani kilohezi 200. Programu ikiachwa kwenye mpangilio wa redio za mawasiliano, ambao ni kilohezi 12.5 hivi, msikilizaji hupata sauti iliyosongwa. Upana ukipungua kiasi tu, anayezungumza taratibu husikika vizuri, lakini akipaza sauti maneno hupasuka. Katika mkutano wa hadhara, maneno mazito ndiyo hupazwa.

Kuna kasoro ambazo saa ya ukutani huzifichua. Matangazo ya saa moja yakitoa faili ya dakika 58, sampuli zimedondoka njiani: kompyuta imezidiwa, au waya wa USB ni mrefu mno. Kupunguza kasi ya sampuli kutoka milioni 2.4 kwa sekunde hadi milioni 1 hivi husaidia sana. Saa hiyo hiyo ikigeuka dakika 65, na msemaji akasikika mzito kama aliyeamka sasa hivi, faili ya sampuli 48,000 kwa sekunde inachezwa kama ya 44,100. Kasoro hii haina madhara ya kudumu. Hurekebishwa kwa kubadili namba hiyo katika programu.

Katika maeneo ya machimbo kama Rwamgasa na Nyarugusu huongezeka kelele za injini za makarasha, jenereta na mashine za kuchomelea. Mlio wa kelele hizo hufuata mwendo wa mashine, kwa hiyo hutambulika. Lakini kabla ya kumlaumu jirani, mtu achomoe chaja ya kompyuta yake na kutumia betri. Ukimya ukirejea, mkosaji alikuwa mezani.

Kwa matangazo yasiyorudiwa, kinga bora ni kuhifadhi mawimbi ghafi pamoja na sauti. Yakihifadhiwa kwa biti 8 na sampuli 250,000 kwa sekunde, hula takribani gigabaiti 1.8 kwa saa. Kichujio kikiwa kiliwekwa vibaya, mawimbi hayo huchakatwa upya siku nyingine kana kwamba matangazo yanarushwa tena. Hata hivyo, hayaponyi ukuzaji uliopita kiasi, kwa kuwa uharibifu huo hutokea kabla hayajahifadhiwa. Huo unapaswa kukaguliwa mapema, kwa rekodi ya majaribio ya dakika mbili inayosikilizwa kwa visikizi kabla mkutano haujafunguliwa.